Kinenaji cha Mama Zakaria

Kishonafaili kilikuwa na miguu sita myembamba na jicho moja lisilopepesa, na kilifanya kazi kimyakimya kuliko fundi yeyote aliyewahi kufungua karakana Singida. Kilichomeka mguu mmoja ubavuni mwa kompyuta iliyolala mezani, mwingine kwenye hazina kuu ya nakala, kisha kikaanza kulinganisha: faili bovu huku, faili zima kule. Palipochanika, kilishona. Kazi ya Dina Msengi, mwenye karakana, ilikuwa kukitazama na kunywa chai.

Kompyuta yenyewe ilikuwa mpakato wa aina iitwayo kinenaji. Kinenaji husoma mawazo ya mtu asiyeweza kusema, kwa utepe unaofungwa kichwani, kisha huyatamka kwa sauti. Hiki kilikuwa cha Mama Zakaria, aliyepigwa na kiharusi miaka minne iliyopita akabaki hawezi kuinua hata kope kwa hiari yake. Alikuwa pale pale karakanani kwenye kiti cha magurudumu, amevishwa kitenge kipya cha sherehe. Tangu juzi kinenaji kilipogoma kuwaka, hakuwa amesema neno.

"Kitapona saa ngapi, binti?" Mumewe, Mzee Kitundu, aliuliza kwa mara ya tatu. "Saa nane tunatakiwa kanisani. Jubilei ya miaka arobaini ya ndoa, watu wote wanamngoja yeye aseme."

"Kinapona, Mzee. Sasisho lilikatikia njiani. Hizi mashine kabla hazijawaka hujikagua. Kila faili la mfumo lina lakiri yake, muhuri kama ule wa barua za zamani. Lakiri isipokuwa sawa, mashine inakataa kuamka."

Dina alikuwa ameshajaribu yote ya kawaida. Alibadilisha betri, akabadilisha waya, akajaribu kukiwasha kwa tahadhari, yaani kwa mafaili machache tu. Kila mara kioo kilikuwa cheusi, mstari mmoja mweupe ukatokea, "Mafaili ya mfumo yameharibika," kisha kikajizima.

Mji mzima ulimjua Mama Zakaria. Zamani alikuwa mkaguzi wa mafuta ya alizeti, na wasindikaji walikuwa wakimwona getini wanapata tumbo joto. Ulimi wake haukubagua tajiri wala mchungaji. Ugonjwa, watu walisema, ulimlainisha akawa mtulivu kama maji ya mtungi. Kinenaji chake kilishukuru, kikabariki, kikakubali. Mabinti walioolewa waliambiwa wakajifunze kwake, na Dina mwenyewe aliwahi kumsifu mbele ya wateja.

Kishonafaili kikalia. Mafaili mia mbili kumi na matatu yameshonwa. Moja limekataa.

Dina alisogea karibu akasoma maelezo. Faili hilo halikuchanika. Lilibadilishwa kwa mkono, miaka minne nyuma, na ukaguzi wa lakiri ukafungwa makusudi ili mashine isigundue. Sasisho jipya ndilo lililoufungua tena.

"Hilo moja lifumbie macho," Mzee Kitundu alisema haraka. Alikuwa fundi mstaafu wa mitambo ya upepo, na alikuwa ameona alichokiona Dina. "Funga ukaguzi, kiwake kama kilivyokuwa."

Dina alilifungua faili. Lilikuwa orodha ndefu. Kushoto maneno aliyowaza mgonjwa, kulia maneno ambayo mashine iliagizwa kutamka badala yake, na pembeni idadi ya mara. *Chai imepoa*: chai ni nzuri. *Niacheni peke yangu*: karibuni sana wageni. *Mgongo unaniuma, nigeuzeni*: Mungu ni mwema, sijambo. *Hapana*: kama mnavyoona inafaa. Neno hilo la mwisho lilikuwa limebadilishwa mara elfu sita na mia mbili.

Dina aliweka kikombe chini. Alimtazama yule mama, ambaye masikio yake yalikuwa mazima siku zote hizo.

"Mzee, mwenyewe alikuwa anasikia."

"Nilimsitiri!" Sauti ya mzee ilipanda, kisha ikashuka. "Wiki ya kwanza tu alimwambia mchungaji mahubiri yake ni marefu na matupu. Akamwambia dada yangu amekuja kuhesabu sufuria. Mke akiaibika mbele za watu, nani wa kumfunika kama si mumewe? Nilianza na maneno matatu, binti. Matatu tu."

"Humu yapo mia nne."

"Watu walianza kumpenda," mzee alisema. "Wanawe wakaanza kuja. Unajua walikaa miaka mingapi bila kukanyaga kwetu? Nikaona hakuna ubaya."

Dina hakumwona kuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchukiza zaidi. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe. Mzee ndiye aliyekileta kinenaji, mzee ndiye aliyemwamini. Kukirudisha kilivyokuwa ingekuwa kazi ya dakika moja, na jubilei ingefana. Lakini mashine ilikuwa ya mwenye sauti, na mwenye sauti alikuwa hawezi hata kumkonyeza. Akachagua nakala safi kutoka hazina kuu, akabonyeza. Orodha ikafutika.

Kinenaji kikawaka mara moja. Dina alifunga utepe kwenye paji la uso la Mama Zakaria. Taa ndogo ikachezacheza, ikatulia.

"Mama Zakaria," mzee aliita. "Twende kanisani?"

"Hapana."

Mzee alikaa kitako kwenye benchi. Sauti ilikuwa ile ile laini ya siku zote, lakini alilisikiliza neno hilo kana kwamba limesemwa na mgeni. Machozi yalimlengalenga.

"Hapana," ikarudia, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha: "Haya, twende."

"Utasema nini mbele za watu?"

Taa ilichezacheza.

"Sijui. Miaka minne namsikiliza mwanamke mwingine akisema kwa jina langu. Wanangu wanampenda kuliko walivyowahi kunipenda mimi. Nikifungua mdomo leo, Kitundu, nani atamzika yule?"

Mzee Kitundu aliinuka kwenye benchi. Ilikuwa saa saba na nusu. Dina alifungua mlango wa karakana, akarudi kukishika kiti.