Sauti ya Koko Ndani ya Kasha Bovu

Ulitazama pembeni. Usianze kuniapia. Mahajanga ya Madagaska ikitajwa, wewe huulizia hoteli na bei ya kamba wa baharini, na akitokea mtu akasema "Desemba ya sabini na sita" unakumbuka ghafla kwamba umeacha chungu motoni. Wakomori waliuawa mchana kweupe, katika mitaa yenye majina, majirani wakichungulia madirishani. Waliobaki wakapakiwa kwenye ndege na meli kama magunia, wakapelekwa visiwa ambavyo wengine hawakuwahi kuviona. Nawe miaka yote hii unasema hayo ya zamani yaachwe. Haya, kaa hapa. Nitakupa hadithi ya mapenzi, maana hiyo hukimbii.

Hayrat alifika soko la Andoany, kule Nosy Be, Jumamosi moja ya mwaka elfu mbili na tisa, amevaa saluva ya manjano yenye maua mekundu, laptopu kaikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Watu walisukumana, vanila ilinukia, harufu ya mlangilangi imeganda hewani. Katikati ya muuza vitunguu na muuza mitumba palikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta, na ndani yake kijana mwembamba, shati limepigwa pasi kana kwamba anakwenda harusini.

"Kaka, kinakufa," Hayrat alisema kwa Kikomori, kisha akarudia kwa Kimalagasi asije akawa hakusikia.

"Nini kinakufa? Mimi, au hicho kitu?"

"Wewe bado sijakuuliza hali."

Kijana akacheka. Aliitwa Chaïbou. Hayrat akamwekea mezani kasha jeusi la plastiki lenye diski ndani, la kuchomeka kwenye kompyuta kwa waya. "Nikichomeka kinaonekana. Nikianza kunakili, kinapotea. Kinarudi, kinapotea tena. Nimebadilisha waya, nimejaribu matundu yote ya kompyuta, nimekisomea Ayatul Kursi."

"Kipi kilisaidia?"

"Ayatul Kursi. Dakika mbili zaidi."

Chaïbou aliinama, akaweka sikio juu ya kasha, macho kafumba. "Diski yako nzima. Diski inayokufa hugonga, ta-ta-ta. Hii inazunguka vizuri. Mbovu ni kasha. Umeme haulitoshi, na bodi yake ya ndani ikipata joto inakata." Akatoa waya wenye vichwa viwili, akavichomeka vyote ili kasha lipate umeme wa matundu mawili. Mafaili madogo yakapita. Lile kubwa likakatika njiani, wakajaribu, likakatika tena. "Kuna nini humo kizito hivyo?"

"Koko yangu," alisema Hayrat.

Bibi yake, Koko Koultoum, ndiye aliyemlea. Alirudi Mahajanga kimyakimya miaka kadhaa baada ya kufukuzwa, na kwa muda mrefu hakusema neno. Kisha akazeeka, akasema yote mbele ya maikrofoni ya mjukuu wake: nani alimuua mume wake, wapi, na nani aliona. Kabla mwaka haujaisha akafa. Laptopu ya kwanza, iliyomrekodi, ikaibiwa. Sauti ile ilibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kasha lile. Hayrat alitaka isikike katika hitima ya Desemba ya kuwaombea waliouawa, pale mtaani Mangarivotra, mbele ya wote waliozoea kukohoa jambo hilo likiguswa.

Alimwachia Chaïbou kasha, akarudi kwake Mahajanga. Simu zikaanza.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Koko yangu hajambo?"

"Nampepea kwa ukili kama bi harusi. Leo robo yake imepita, umeme wa mji ukakatika."

"Wewe unachelewesha makusudi ili uendelee kunipigia."

"Hilo nalo lipo."

Halafu, jioni moja, sauti ya Chaïbou ikabadilika. Alijibu kwa mkato. Alisema faili limekataa, atakuja mwenyewe Mahajanga. Alipokuja akamrudishia kasha na kumwambia, "Usilifungue. Nitatafuta jingine la aina hii hii."

"Kasha ni kasha."

"Usiguse tu, Hayrat. Nakuomba."

Kesho yake akampeleka mtaa wa Tsaramandroso kusalimia nyumbani kwao. Hayrat alivaa saluva ya buluu, kajipaka usoni msindano, ule unga wa liwa, kanukia. Mlango ulikuwa wa mbao nzito, komeo lake la chuma limeota kutu. Ndani, karibu na cherehani ya zamani iliyofunikwa shuka, alikaa mzee mwenye kofia nyeupe.

"Bakoko wangu," alisema Chaïbou akimtambulisha babu yake, na macho yake yakaenda sakafuni. "Maoulida. Alikuwa fundi wa nguo."

Hayrat aliuma kidole mpaka kikauma kweli. Alizijua sentensi za Koko kwa moyo. *Nilibisha kwa Maoulida fundi cherehani, pale Tsaramandroso. Mwanangu Athoumani mgongoni. Alichungulia, akaniona, akafunga komeo.* Athoumani hakufika bandarini hai.

Alikunywa chai yao. Aliaga kwa adabu. Nyumbani kwake alilifungua kasha.

Usimcheke. Alifanya alivyofundishwa. Watu wake walipotawanywa, walitumiana barua za kaseti kati ya Mahajanga na Komori, na kaseti ikivunjika Koko alifungua skrubu, akahamisha utepe kwenye ganda jingine, na sauti ya ndugu ikatoka vilevile. Ganda lilikuwa ganda tu. Hayrat akanunua kasha jipya sokoni, akahamishia diski, lile bovu akalitupa kwenye gari la taka lililokuwa likipita. Akachomeka. Kompyuta ikasema diski haina kitu. Ikauliza kama iifomati, yaani iifute na kuipanga upya.

Kidole chake kilikuwa juu ya *Ndiyo*. Akabonyeza *Hapana*, kisha akapiga simu.

"Umemfuta."

"Nani?"

"Koko! Ulimsikia akimtaja babu yako, ukamfuta! Na mimi nikakuita mpenzi!"

"Sijafuta kitu, wallahi."

"Ulijua?"

Jogoo wa mtu aliwika ndani ya simu.

"Nilijua. Nilimsikia kwenye kipande kilichopita, nikashindwa kukwambia kwa mdomo, nikakupeleka ukamwone."

"Mlango ule ule, Chaïbou. Wewe nawe umefunga komeo."

Akakata. Namba yake akaizuia. Mvua zikaja zikaenda. Diski ililala kabatini, imeviringwa ndani ya shuka la Koko, na Hayrat alikonda mpaka saluva zikawa zinamzunguka mara mbili.

Siku Chaïbou alipobisha, alibaki nje, kizingiti hakukikanyaga. Shati halikupigwa pasi. Mkononi alikuwa na kasha jeusi, aina ile ile.

"Kinyozi mmoja wa Andoany alikuwa na nyimbo zake humu. Nimemwomba tangu mwezi wa Ramadhani. Nisikilize kidogo, kisha unifukuze. Bodi ya kasha hili huandika diski kwa namna yake yenyewe. Ukiihamishia kasha jingine, kompyuta haielewi, inaona tupu. Nilihisi hivyo, sikuwa na hakika, kwa hiyo nikakwambia usiguse bila kukwambia kwa nini. Kosa langu. Lakini hujamuua. Kama hukufomati, yumo."

"Sikufomati."

"Basi leta diski."

Kasha hili nalo lilikuwa bovu, ni ukoo mmoja. Wakaliacha wazi, bodi nje, juu ya sahani ya bati iliyowekwa kwenye beseni la barafu ya wauza samaki. Waya wa vichwa viwili. Hayrat alipepea kwa ukili, Chaïbou alishika plagi isicheze. Umeme wa mtaa ukakatika; wakaendelea na betri ya laptopu, ikishuka huku faili likipanda. Mikono yao iligusana, hakuna aliyeuondoa wake.

Faili likafika. Hayrat akabonyeza, na Koko akakohoa kama alivyokuwa akikohoa, akasema, *Bismillahi. Mimi naitwa Koultoum.* Hayrat alilia kwa sauti, bila aibu. Chaïbou alinakili sauti ile kwenye laptopu, kwenye simu zao zote mbili, kwenye sidii, kisha akasema, "Sasa twende babu akaisikie."

Mzee Maoulida alisikiliza mpaka mwisho. Jina lake lilipotajwa hakujitikisa. Baadaye akasema, "Nilisimama nyuma ya mlango mpaka alipoacha kubisha. Mtoto alikuwa analia, kisha akanyamaza." Hakuomba msamaha. Akaomba irudiwe. Hayrat alirudisha mwanzo, akamwachia isikike, akatoka.

Chaïbou alimkuta barabarani. "Hayrat, kwetu mwanamke ndiye mwenye nyumba, mume huingia. Niruhusu niingie kwako."

"Siku ya hitima utakaa safu ya mbele. Koko akimaliza, utasimama useme wewe ni mjukuu wa nani. Ukisema, lete washenga."

"Na nikishindwa?"

"Rudi Andoany ukauze chaja."

Desemba, pale Mangarivotra, watu walikohoa mpaka Koko akawanyamazisha. Chaïbou alisimama. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini alilitaja jina la babu yake na mlango na komeo. Nusu ya ukoo wake waliinuka wakaondoka, mama yake akiwa wa kwanza. Hakuja harusini, na mpaka leo hajakanyaga kwa Hayrat. Mzee Maoulida alikufa kabla ya pilau ya nikaha kuiva. Ndiyo furaha waliyopata, na waliilipia.

Sasa wewe. Nyumbani kwenu yupo mzee anayenyamaza. Kunja gazeti, funga kitabu hiki, simu unayo mfukoni. Nenda kwake leo, kabla hujala. Muulize siku ile alikuwa upande gani wa mlango. Mrekodi. Iweke sauti yake mahali patatu, usiamini kasha moja. Akilia, mwache alie, usizime. Na ikiwa jina litakalotajwa ni la babu yako, usiguse kitufe cha kufuta. Inuka. Nenda sasa hivi.