Mkia wa Pipo Uko Wapi?

Shangazi Chela ndiye aliyempa Nayeli habari kwanza. Alipiga simu kutoka kwake, mbali, nyuma ya milima.

"Haloo, Nayeli! Nimepata mtoto! Anaitwa Memo!"

"Nyaaa! Nyaaa!" simu ikalia.

"Umemsikia? Ndiye huyo," Shangazi akasema. "Halali. Na sisi hatulali. Mleteeni mnyama wake upesi!"

Nayeli akaruka juu. Akaruka tena. Akamkanyaga Baba kidole.

Nayeli anakaa nchi ya Meksiko, katika mji mdogo wa wachongaji. Huko tangu asubuhi utasikia ko-ko-ko, ko-ko-ko, nyumba kwa nyumba.

Baba yake huchonga wanyama wa mti. Mama yake huwapaka rangi, doa kwa doa.

Na kwao, kila mtoto anayezaliwa hupewa mnyama. Anayempelekea ni yule aliyekuwa mdogo kuliko wote.

"Ni mimi!" Nayeli akasema. "Nilikuwa mdogo kuliko wote! Sasa si mdogo tena!"

Mnyama alikuwa tayari, rafuni. Alikuwa na masikio ya sungura, mabawa ya popo, na mkia mrefu wa kenge wenye madoa ya njano.

"Ni mnyama gani huyu?" Mama akauliza.

"Ni Pipo," Nayeli akajibu. Basi, akawa Pipo.

Baba akachomoa masikio ya Pipo. Pok! Pok! Akachomoa na mkia. Pok!

Wanyama wa Baba husafiri hivyo. Masikio na mkia huchomekwa kwenye matundu, na njiani huchomolewa, vikafungwa kitambaani.

"Usimvalishe mpaka tufike," Baba akasema. "Mnyama wa mtoto hufika mzima. Masikio yote, na mkia wote."

"Ndiyo, Baba," Nayeli akasema.

Wakapanda gari lao kuukuu la buluu. Mama akashika usukani. Baba akakaa pembeni. Nayeli akakaa katikati, na Pipo mapajani.

Miguuni mwa Baba kulikuwa na kikapu cha mikate, kimefunikwa kitambaa cheupe. Mikate ilikuwa ya mviringo, ya moto, na ilinukia!

"Nionje kidogo tu," Baba akasema.

"Wee! Mikate ya Shangazi haifunguliwi njiani!" Mama akasema.

*Puku-puku-puku, gari linakwenda!*
*Memo, tunakuja, na Pipo tunaye!*

Nayeli akamtazama Pipo. Pipo hakuwa na mkia. Alionekana kama kiazi chenye mabawa.

"Maskini Pipo," Nayeli akanong'ona. "Nitakuvalisha mkia tu. Masikio sitakuvalisha."

Pok! Mkia ukaingia. Pipo akapendeza!

Baba naye alikuwa na jambo lake. Taratibu, taratibu, akainua pembe ya kitambaa cheupe.

GUDUU! Gari likaingia kwenye shimo. Nayeli akaruka. Baba akaruka. Kofia ya Baba ikaruka.

"Baba Nayeli! Funika mikate!" Mama akasema.

Baba akafunika mikate haraka, akatazama nje kama mtu asiyejua lolote.

Nayeli akamtazama Pipo. Alikuwa kiazi tena.

"Mkia!" akalia. "Mkia wa Pipo uko wapi?"

Mama akasimamisha gari. Wakatafuta chini ya kiti. Hakuna. Wakatafuta ndani ya kofia ya Baba. Hakuna. Wakatafuta barabarani. Kulikuwa na kuku mmoja tu.

"Koo?" kuku akasema. Hakujua.

"Umeruka dirishani, umekwenda zake," Baba akasema.

Nayeli akainamisha kichwa. "Nilimvalisha, Baba. Nilitaka apendeze."

Baba akamfuta machozi kwa kofia.

"Chonga mwingine, Baba. Chonga sasa hivi!"

"Mti mbichi haufai, mwanangu. Ukikauka husinyaa. Leo mkia utaingia, kesho utaanguka. Pu!"

"Twendeni tu," Mama akasema. "Mbele kuna mji wa wafumaji."

*Puku-puku-puku, gari linakwenda!*
*Memo, tunakuja, lakini mkia hatuna!*

Katika mji wa wafumaji, kila ukuta umetundikwa mazulia. Mengine yana ndege, mengine yana nyota.

"Hodi!" Nayeli akaita.

"Karibu, karibu!" akajibu Mama Tencha, mfumaji mwenye mikono myekundu mpaka viwikoni.

"Shikamoo, mama. Mnyama wangu hana mkia."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nipe kiganja chako."

Mama Tencha akaweka kiganjani mwa Nayeli kidudu kikavu, kidogo kama punje ya uwele. Vidudu hivyo hukaa juu ya dungusi, ule mmea wa miiba.

"Kiponde kwa kidole," akasema.

Nayeli akakiponda. Lo! Kiganja chote kikawa chekundu!

Mama Tencha akakamulia tone la ndimu. Lo! Chekundu kikawa rangi ya chungwa!

"Tena! Tena!" Nayeli akasema. Akapaka pua yake. Akapaka pua ya Baba. Mama akakimbia.

Kisha Mama Tencha akasuka uzi mwekundu wa sufu, mnene na laini. Akaupiga fundo, akausokomeza kwenye tundu la Pipo.

Wote wakamtazama Pipo. Mkia ukalala chini. Lele, lele, kama tambi.

"Ee, huyu amechoka kabla ya safari!" Mama Tencha akasema, akacheka mpaka akashika mbavu. "Nenda nao tu, mwanangu. Huwezi kujua."

Nayeli akautia mkia mwekundu mfukoni. "Asante, mama," akasema.

*Puku-puku-puku, gari linakwenda!*
*Memo, tunakuja, na mkia wa tambi!*

"Nina njaa," Baba akasema. Mkono wake ukatambaa, ukatambaa, mpaka kwenye kikapu.

Pa! Mama akaupiga. "Mikate ya Shangazi haifunguliwi njiani!"

Wakafika mji wa wafinyanzi. Huko vyungu ni vyeusi na vinang'aa kama macho ya paka.

Kaka Rufino alikuwa akisugua chungu kwa jiwe laini. Swii, swii, swii.

"Kaka, mnyama wangu hana mkia," Nayeli akasema.

"Hana mkia? Na wewe mbona una pua ya rangi ya chungwa?"

"Ni kidudu na ndimu," Nayeli akajibu.

"Haya bwana," akasema Kaka Rufino. Akatafuta rafuni, akatoa filimbi nyeusi ya udongo, ndefu kama pilipili.

Akaipuliza. Fyuuuu!

Akaichomeka kwenye tundu la Pipo. Ikakaa sawasawa! Mkia ukasimama!

Pipo hakusimama. Filimbi ilikuwa nzito. Pipo akaanguka, pu! Akakaa matako chini, miguu juu.

Nayeli akamsimamisha. Pu! Mama akamsimamisha. Pu! Baba akamsimamisha. Pu!

"Mkia huu unamvuta mwenyewe!" Kaka Rufino akasema, akapangusa machozi ya kicheko. "Chukua tu filimbi, mdogo wangu. Mtoto ataipenda."

*Puku-puku-puku! Fyuuu! Puku-puku-puku! Fyuuu!*
*Memo, tunakuja, na mkia wa filimbi!*

"Nayeli, pumzika kidogo na hiyo filimbi," Mama akasema.

Fyuuu.

"Nayeli!"

Wakafika mji wa wasukaji. Huko watu husuka kofia za ukindu. Husuka wakikaa, husuka wakitembea, husuka wakinunua nyanya.

Dada Femia alikuwa mlangoni, anasuka bila kutazama mikono yake.

"Dada, mnyama wangu hana mkia. Mmoja ni tambi. Mwingine unamwangusha."

"Lete hapa," Dada Femia akasema. Vidole vikacheza, chapu-chapu-chapu. Mkia ukatoka, mwepesi, mrefu, umekunjwa kwenye ncha.

Nayeli akauchomeka. Ukasimama! Pipo naye akasimama!

"Amesimama!" Nayeli akapiga kelele. "Amesimama! Amesimama!"

Akacheza. Baba akacheza. Mama akacheza. Dada Femia akacheza, huku anasuka.

Nayeli akamweka Pipo juu ya kijiwe, amtazame kwa mbali.

Nyuma ya kijiwe palikuwa na mbuzi.

"Meee," mbuzi akasema. Nyamu, nyamu, nyamu.

"Mbuzi! Tema! TEMA!" Nayeli akapiga kelele.

Mbuzi hakutema. Ncha ya mkia ilining'inia mdomoni. Kisha nayo, nyamu, ikaingia.

Mbuzi akacheua.

Dada Femia akatazama pande zote. "Na ukindu umeniishia. Pole, mdogo wangu."

Jua lilikuwa linashuka. Nyumba ya Shangazi ilikuwa karibu.

*Puku, puku, puku, gari linakwenda.*
*Memo, tunakuja. Mkia hatuna.*

Nayeli hakupuliza filimbi. Baba hakugusa kikapu.

"Baba," Nayeli akasema polepole, "labda mimi bado ni mdogo."

"Kwa nini?"

"Mkubwa hufikisha mnyama mzima."

Baba akafikiri. "Mkubwa hufika," akasema. "Twende tufike kwanza."

Sauti waliisikia kabla ya kuiona nyumba. "NYAAA! NYAAA!"

Shangazi Chela akatoka mlangoni, nywele zimesimama, kandambili kila mguu na rangi yake.

"Karibuni! Mnyama yuko wapi? Mleteni, mleteni!"

Nayeli akaingia chumbani. Memo alikuwa mdogo, mwekundu, na mdomo wazi.

Nayeli akamvalisha Pipo masikio. Pok! Pok! Akamweka kando ya Memo. "Huyu ni Pipo," akasema. "Hana mkia. Ni kosa langu mimi, si lake."

"NYAAA!" Memo akasema.

Nayeli akatoa filimbi. Fyuuu! Memo akanyamaza. Akasikiliza. Shangazi akabana pumzi.

"NYAAAAA!"

Ulibaki mkia mmoja tu. Nayeli akautoa mfukoni, akausokomeza kwenye tundu. Ukalala chini, lele, lele, juu ya mkono wa Memo.

Kidole kimoja cha Memo kikasogea. Kikagusa uzi laini. Kikaguswa na uzi laini.

Memo akafumba ngumi. Akaushika mkia wa tambi, akauvuta mpaka shavuni.

"Nya," akasema.

Kisha hakusema kitu.

Shangazi akainama. "Amelala," akanong'ona. "Jamani, amelala!"

Baba alitaka kupiga makofi. Mama akamshika mikono.

"Mkia wa mti hauwezi kushikwa hivyo," Shangazi akanong'ona. "Ungemchoma jicho. Nayeli, umeleta mkia wenyewe hasa."

Nayeli akacheka kwa kuziba mdomo. Hi hi hi.

Memo akalala. Pipo akalala, mkia wake ngumini. Nayeli akalala, pua bado ina rangi ya chungwa. Hata Shangazi akalala, na kandambili miguuni.

Asubuhi, mezani kulikuwa na chokoleti ya moto, na kikapu cha mikate.

"Sasa?" Baba akauliza.

"Sasa," Mama akasema.

Baba akaingiza mkono chini ya kitambaa bila kutazama. Akatoa, akauma. KAKAA!

"Lo! Mkate gani huu? Mgumu kama mti!"

Nayeli akatazama. Mkate wa Baba ulikuwa mrefu. Ulikuwa na madoa ya njano.

"Ni mti, Baba! Umeuma mkia wa Pipo!"

Mama akacheka. Shangazi akacheka mpaka chokoleti ikamwagika.

"Mnaona?" Baba akasema, anashika jino. "Mngeniacha nile jana, tungeupata jana!"

Nayeli akaufuta mkia. Ulikuwa mzima, na alama ya meno ya Baba kwenye ncha.

"Haya, kamvalishe Pipo mkia wake," Mama akasema.

Nayeli akatikisa kichwa. "Pipo ana mkia. Huu ndio hauna mnyama."

Akaufunga kwa kitambaa, akaingia chumbani akinyata. Memo alikuwa bado amelala, uzi mwekundu ngumini.

Nayeli akauweka mkia kando yake.

"Memo," akanong'ona, "siku moja na wewe hutakuwa mdogo tena. Baba atachonga mnyama wa mkia huu, na wewe utampeleka kwa mtoto mwingine."

Akafikiri kidogo, kisha akainama karibu zaidi.

"Lakini usimvalishe njiani."

Halafu akakimbia mezani, kabla Baba hajamaliza mikate.