Ndoo Mbili za Kumuaga Sivushka

Kila asubuhi ya baridi, kabla ya kwenda shule, Kalina alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote: kumsukuma Sivushka. Baba yake, Asen, aliketi kwenye usukani, mguu mmoja nje, naye Kalina akaegemeza mgongo kwenye buti. "Haya, twende!" baba alipaza sauti. Gari liliteremka taratibu kwenye mteremko wa ua wao, likapita getini, likakohoa, likakohoa tena, na lilipofika kwenye kona likanguruma. Kalina alikimbia akarukia ndani akicheka, pua imemwiva kwa baridi.

Sivushka ni jina ambalo watu wa kwao milimani huwapa punda wa kijivu. Gari lao lilikuwa la kijivu, lilikuwa na ukaidi wa punda, na mizigo lilibeba kama punda: magunia ya viazi, kuni za majira ya baridi, mitungi ya pilipili za kuchoma, na siku moja hata kondoo aliyevunjika mguu wa Bibi Rayna, mama mzazi wa Asen. Tena ndilo lililompeleka mama yake Kalina kwenye kituo cha basi siku alipoondoka kwenda Uhispania kutunza wazee. Tangu siku hiyo Kalina aliamini jambo ambalo hakumwambia mtu. Aliamini kwamba mama akirudi, atashuka kwenye basi na kuangaza macho huku na huku akitafuta gari la kijivu. Asipoliona je?

Kwa hiyo baba alipotangaza mezani kwamba amenunua gari jingine, kijiko kilimponyoka Kalina.

"Sivushka amechoka, mwanangu," baba alisema. "Breki zake tunazifunga kwa waya na maombi."

"Si atengenezwe!"

"Na nani? Fundi akiniona naja, anafunga mlango na kujifanya hayupo."

Bibi Rayna aliangua kicheko. Kalina hakucheka. Alisukuma mkate wake pembeni.

Gari jingine lilikuja Jumamosi. Lilikuwa la bluu, mali ya Mzee Krum, mpeleka barua wa zamani aliyeishi mji wa bondeni, naye alikuwa ameliuza kwa sababu macho yake yalianza kufifia. Majirani na Mzee Krum mwenyewe walikuja kunywa kwa afya ya gari, kama ilivyo desturi, wakalipiga makofi kwenye boneti na kusema, "Mlitumie kwa heri! Mlitumie kwa heri!" Kalina yeye alikuwa akilitafutia kasoro, na atafutaye hakosi. Lilinuka sabuni. Mtu asipofunga mkanda, lililia tii-tii-tii bila aibu, mpaka Bibi Rayna akaliuliza kama lina njaa. Na baba, aliyekuwa bingwa wa kutafuna mbegu za alizeti ndani ya Sivushka, sasa alipiga marufuku mbegu.

"Gari gani hili la kukaa kama uko kanisani?" Kalina alinung'unika.

"Utalizoea," baba alimjibu.

Kalina hakutaka kulizoea. Kulizoea kulikuwa ni kumsahau Sivushka, na yeye si mtu wa kusahau.

Jumapili mchana alikuja Zahari, mtu anayenunua magari mabovu, kuyafungua na kuuza vipuri. Alikuja na lori lake na mnyororo. Bibi Rayna alitoka nje na kikombe cha shaba chenye maji na kitawi kidogo cha maua. Kwao, mtu anayeanza safari humwagiwa maji njiani, ili mambo yake yatiririke bila kukwama. Bibi alifanya hivyo siku mama alipoondoka, na siku Kalina alipoanza shule. Sasa alinyunyiza matone machache tu nyuma ya Sivushka, akaingiza mikono yake kwenye aproni.

"Ndiyo hayo tu, Bibi?"

"Kwa baridi hii hayo yanatosha, mjukuu wangu. Muhimu ni nia. Haya, ndani, tusije tukaganda."

Lori liliondoka likimkokota Sivushka, na watu wazima wakakimbilia jiko la kuni. Kalina alibaki nje peke yake. Maisha mazima ya kubeba viazi, kondoo na mama, halafu matone machache? Aliona ni uchoyo mtupu. Akachukua ndoo zizini, akaijaza bombani, akaimwaga yote kwenye mteremko hadi getini. Akarudi, akajaza ndoo ya pili, akaimwaga nayo. "Safari njema, Sivushka," alisema, na machozi yakamtoka.

Usiku huo baridi ilikaza, na alfajiri theluji nyepesi ilianguka ikafunika kila kitu.

Asubuhi baba alitoka akipiga mluzi. Kalina aliketi nyuma, uso ameukunja. Hakukuwa na haja ya kusukuma. Ufunguo ulizungushwa mara moja na gari likawaka, jambo ambalo Kalina aliliona kama majigambo. Likaanza kuteremka. Karibu na geti baba alikanyaga breki. Gari halikusimama. Alikanyaga tena kwa nguvu zake zote, na gari likaenda upandeupande, polepole, kwa namna ya kutisha, mpaka likajipigiza kwenye nguzo ya geti. Taa ilipasuka. Ubavu wa mbele ukabonyea.

Hakuna aliyeumia. Lakini baba alishuka amekuwa mweupe, kisha akawa mwekundu.

"Breki! Hazishiki! Na juzi nimemwaga majivu ya kuzuia utelezi mteremko mzima, palikuwa pakavu kabisa! Yule mzee ameniuzia gari bovu, tena akala na kunywa mezani kwangu!"

"Asen, tulia kwanza," Bibi Rayna alisema kutoka mlangoni. "Haraka haraka haina baraka."

"Nitulie nini, mama? Mtoto alikuwa ndani! Namrudishia gari lake leo leo. Na nampigia Zahari asimguse Sivushka."

Moyo wa Kalina uliruka kwa furaha. Sivushka arudi! Baba alimwagiza afagie vioo, kisha akaingia ndani kupiga simu. Kalina akashika ufagio. Alipousukuma mara ya kwanza, theluji ilisogea, na chini yake akaona barafu. Ilikuwa nene, laini, na ilifuata njia ileile ambayo maji yake yalipita, kutoka juu ya mteremko hadi kwenye nguzo.

Alielewa papo hapo kwamba gari lilikuwa limeteleza kwenye maji yake yaliyoganda. Alitazama nyumba. Alitazama barafu. Kisha, kabla hajajipa nafasi ya kufikiri, alikimbilia pipa la majivu na kuyatandaza juu ya ile barafu mpaka hapakuonekana kitu. Hakuna aliyemwona. Lakini kutoonekana hakukumsaidia. Alikwenda shuleni kwa miguu, akageuka nyuma mara kwa mara, akafika amechelewa.

Boyana, aliyekaa naye dawati moja, alimpokea kwa tabasamu pana.

"Eti lile gari lenu jipya limeshapigana na nguzo?"

"Nani kakwambia?"

"Kijiji kizima kinajua. Baba yako kasimama dukani anasema Mzee Krum ni tapeli. Bibi yangu alikuwepo, aligomba, wee! Anasema huyo mzee kamletea barua miaka nenda rudi, theluji mpaka magotini. Siku moja alipanda huu mlima mara mbili kwa sababu barua moja ilimbakia mkobani."

Kalina alitoa daftari na kulifungua.

"Ila labda uzee umembadilisha," Boyana aliendelea, akifungua mkate wake wa jibini. "Mama anasema lisemwalo lipo. Na kama halipo, laja. Unakula?"

Kalina alitikisa kichwa. Neno "tapeli" lilimzunguka siku nzima. Mwalimu alipomwita ubaoni, alisimama pale na chaki mkononi, na kile alichojifunza jana kilikuwa kimemtoka chote.

Aliporudi nyumbani alimkuta Mzee Krum uani. Alikuwa amepanda basi kutoka bondeni. Alisimama kando ya gari, kofia mkononi, akipapasa ule ubavu uliobonyea kama mtu anayempapasa mgonjwa. Baba alisimama mbele yake, mikono kifuani. Bibi Rayna alikuwa kwenye kizingiti.

"Nimeliendesha miaka mingi, Asen," mzee alisema. "Halijawahi kunikatalia breki hata siku moja. Lakini macho yangu ndiyo haya. Huenda kulikuwa na dalili, mimi sikuiona. Kama ni hivyo, kosa ni langu. Nitaliondoa." Akaizungusha kofia mikononi. "Nakuomba kitu kimoja tu. Usiwaambie watu kwamba nilijua. Marehemu mke wangu alikuwa akiliosha kila Jumamosi. Nyumba yetu haikuwahi kumuuzia mtu ajali."

Kalina alimtazama. Hakuwa amefikiri hata mara moja kwamba mzee huyu naye alikuwa ameagana na gari. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Zahari amekubali," baba alisema kwa ukavu. "Kesho analirudisha gari langu la zamani."

Kilichobaki kwa Kalina kilikuwa rahisi: kunyamaza. Anyamaze tu, na kesho Sivushka angekuwa pale uani, na mama angejua pa kutazama. Mzee Krum alikuwa anavaa kofia yake aondoke.

"Si breki," Kalina alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akasema tena, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, "Baba, si breki! Ni mimi!"

Alichukua ufagio akasukuma majivu pembeni. Barafu ikatokea, nyeusi na kung'aa. Baba alisogea, akaikanyaga kwa kiatu chake cha kazi, na mguu ukamteleza. Angeanguka chali, kama Mzee Krum hangemdaka mkono. Wakabaki hivyo, wameshikana.

"Nilimwaga maji," Kalina alisema, sasa analia. "Ndoo mbili. Ya Bibi yalikuwa machache. Asubuhi niliiona barafu nikaifunika."

"Kwa nini hukusema?" baba aliuliza. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nilitaka Sivushka arudi. Mama akija atatafuta gari la kijivu. Hili halijui."

Baba aliuachia mkono wa mzee, akachuchumaa mbele ya binti yake. "Kalina, mama yako hatatafuta gari. Atatafuta uso wako. Hata ukimfuata na mkokoteni, atakuona wewe." Akamfuta machozi kwa kiganja chake kigumu. "Lakini ulivyofanya asubuhi ni vibaya. Ulijua, ukaniacha nimtukane mtu asiye na hatia."

Kisha akasimama. Mtu mkubwa kuomba radhi mbele ya mtoto wake si jambo jepesi, na ilionekana.

"Mzee Krum, yeye alificha, lakini mimi sikutazama hata chini ya miguu yangu. Nimekuchafulia jina dukani mbele ya watu. Nisamehe."

"Yameisha, mwanangu," mzee alisema.

"Bado hayajaisha," Bibi Rayna aliingilia. "Palipotupwa taka ndipo panapofagiwa. Twendeni dukani."

Kabla ya kuondoka baba alimpigia Zahari. Kalina alisikia kila neno. "Usimlete. Ndiyo, mfungue tu. Endelea na kazi yako." Alitamani kuziba masikio, lakini hakuziba. Wote wakamwaga majivu kwenye barafu, safari hii mbele ya macho ya kila mtu, na baba akateremsha gari taratibu. Getini alikanyaga breki. Lilisimama sawasawa.

Dukani kulikuwa na watu wanaosubiri mkate wa jioni, na mama yake Boyana alikuwa mmoja wao. Baba alivua kofia akasema kwamba amemsingizia Mzee Krum, kwamba gari ni zima na breki ni nzuri. Kisha akamtazama Kalina. Naye akasema yake: maji, barafu, majivu, na kunyamaza. Bibi mmoja mzee, bibi yake Boyana, akagonga fimbo yake sakafuni na kusema, "Niliwaambia mimi! Niliwaambia!" Watu wakaanza kumpa Mzee Krum mikono, mmoja mmoja.

Walimrudisha mzee bondeni kwa gari lile la bluu. Alikaa mbele, akatazama mlima ukipita. Halafu akageuka kwa Kalina.

"Nitakuambia kitu, binti yangu, na mimi mwenyewe nimekijua leo. Niliumia nilipouza gari hili. Lakini gari huuzwa, na mtu akanunua jingine, akalizoea. Jina la mtu likiharibika, hakuna soko la kwenda kununua jingine. Leo asubuhi ulifunika barafu, na jina langu likawa chini yake. Mchana umelirudisha, tena ulijua utapoteza kile unachokipenda. Kusema kweli wakati kweli haikugharimu kitu, hilo kila mtu anaweza. Ulilofanya leo ndilo linaloitwa uaminifu."

Kalina aliitikia kwa kichwa.

"Umesikia, mwanangu?" baba aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Nimesikia, Baba."

"Hata mimi nimesikia," alisema baba.