Mwanamke Tuliyemwona Kutoka Kilimani

Siku ya pili ya Idd, mwaka wa hamsini na tatu, tulifanya kama watu wote wa Garsen: tukaoga, tukavaa, tukafunga safari ya kilimani. Msinicheke nikikiita kilima. Nchi yetu ni tambarare, na ule mwinuko wa mchanga na mawe ulitutosha. Vijana walishindana mbio, watoto wakabiringika mteremkoni, sisi wanawake tukakaanga buni za kahawa kwa samli. Lakini burudani kubwa ilikuwa kutafuta nyumba zetu. Ukisimama kule juu uliziona zote, na kila mtu alinyoosha kidole: ile yetu, ile yetu.

Mimi, Darmi, nilipanda siku ile nikiwa na jambo moyoni. Lilikuwa wivu, na sioni haya kulisema, nimeshazeeka. Mume wangu Guyo alikuwa ameoa mke wa pili, Sabdio, msichana wa miaka kumi na tisa, mpole hata ukakosa la kumsema. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Angekuwa mkorofi ningepumua. Kwa miaka kumi na minane Guyo akirudi na ng'ombe aliita kutoka kwenye ua wa miiba, "Darmi, nimefika, nipokee," nami nikatoka na kibuyu cha maziwa. Sasa alipita mlangoni kwangu kama anayepita kwa jirani, akaenda kunywa kwa Sabdio. Nikawasikia wakicheka. Nilitamani kicheko kile kimkwame yule msichana kooni.

Basi nikavuka mto hadi kijiji cha Hewani, kwa mama mmoja mkulima aitwaye Nyevu, aliyejulikana kwa dawa za mapenzi. Nilimpelekea samli, akanipa kipande cha mzizi. Mnajua kibuyu hufukizwa kwa moshi kabla ya kutiwa maziwa. Akasema nifukize kibuyu cha Sabdio kwa mzizi ule, mlemle nyumbani kwake, wakati hakuna mtu. Guyo akinywa humo, hataingia kwa Sabdio tena. Atarudi kwa Darmi wake.

"Lakini mwanangu," akaninong'oneza, "ukishawasha, ondoka. Usiitazame nyumba hiyo mpaka jua litue. Ukiitazama, utakachokiona sina dawa yake."

Nikaona ni jambo jepesi. Asubuhi ile ya kilimani, wenzangu walipotangulia, nilisema nimesahau kanga. Nikaingia kwa Sabdio, nikawasha mzizi, nikainamisha kibuyu juu ya moshi, nikatoka bila kugeuka. Na hapo ndipo mjue wivu hupofusha. Kati ya siku zote za mwaka, nilichagua ile ambayo familia nzima hupanda mahali pa kutazama nyumba.

Nililikumbuka hilo tukiwa tumeshafika juu. Nikaketi nimezipa nyumba mgongo, nikajitia kichwa kinaniuma. Sabdio akaniletea buni, akanibembeleza eti dada njoo uone kwetu. Nikamwambia aniache. Jua lilikuwa bado juu sana, nikaanza kuhesabu saa.

Guyo alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa akizitazama nyumba. Kisha akacheka polepole, kicheko nilichokijua, kicheko cha zamani.

"Ni nani yule?" akauliza.

Sabdio akajibu kwamba naye hamjui, ila yuko mlangoni kwake yeye Sabdio.

"Mzuri," Guyo akasema, kwa sauti ndogo, kama anayejisemea.

Wallahi, kiu ningeivumilia. Fimbo ningeivumilia. Hilo sikuliweza. Mwanamke wa tatu? Nikageuka.

Nyumba zilikuwa mbali, ndogo kama mabakuli yaliyofunikwa. Kwa umbali ule hutofautishi ng'ombe na punda. Lakini yule mwanamke nilimwona hadi shanga. Zilikuwa shanga zangu za harusi. Kibuyu cha Sabdio kilikuwa mkononi mwake. Shingo ilikuwa yangu. Uso ulikuwa wangu, kabla haujachoka. Alikuwa mimi, mimi wa miaka kumi na saba.

Akainua kichwa. Akanitazama. Kisha akamwita Guyo kwa mkono.

Guyo akaanza kushuka.

Nilimkimbilia, nikamshika shuka. Nikamwambia, Guyo, mimi hapa. Akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Niwie radhi, mama," akasema. "Mke wangu ananingoja."

Sabdio alisikia. Buni zote zikamwagika mchangani.

Tulipofika nyumbani, Guyo alikuwa ndani ya nyumba yangu. Kibuyu cha Sabdio kilikuwa kitupu miguuni pake. Alikuwa akizungumza, akinyamaza, akicheka, na mbele yake hapakuwa na mtu. Nikasimama kwenye mlango wa nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Akaniambia nipite nyumba ya pili, huko nitapewa maziwa.

Kwa Sabdio hakukanyaga tena. Mzizi ulifanya kazi yake. Niliporudi kwa Nyevu alinitazama usoni, akarudi shambani kwake. Ikawa mimi na Sabdio tunalala kitanda kimoja, wake wawili wa mume hai, tunasikiliza. Tulisikia kicheko chake. Halafu changu.

Ikaenda hivyo miaka sita. Kila jioni aliita kutoka uani, "Darmi, nimefika, nipokee." Kila jioni nilisimama, na Sabdio akanishika mkono nikae. Ndani ya nyumba yangu, sauti yangu ikamjibu. Sabdio nilimwonea wivu mwaka mmoja tu. Huyu nilimwonea kila siku, na hata kumlaani sikuweza. Ningemlaani kwa jina gani?

Guyo alifariki mwaka wa hamsini na tisa, akiwa ameegemea upande, mkono umekumbatia hewa. Tukaifunga nyumba ile. Mimi na Sabdio tukakaa eda pamoja, miezi minne na siku kumi. Watu walikuja kunipa pole, wakaniita mjane wa Guyo. Mtanisamehe, lakini nilifurahi. Nilisema moyoni, yule alinipokonya mume, lakini msiba ni wangu.

Eda ilipoisha tulioga, tukavua nguo zetu za eda. Nikaenda kufungua nyumba yangu. Kamba ya mlango ilikuwa kama nilivyoifunga mwenyewe. Vumbi lilikuwa limetanda sakafuni, halina unyayo hata mmoja.

Kitandani palikuwa na nguo ya eda, imevuliwa, imekunjwa vizuri. Nikaigusa. Upindo wake ulikuwa bado umelowa machozi.