Binti wa Rosalina

Jumamosi ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, na soko la Ponta Delgada, mji wa kisiwani, lilijaa watu waliotaka kununua na wengine waliotaka kujificha mvua tu. Foleni ya jibini ilizunguka hadi kwenye meza za mananasi. Natércia alikuwa ameshika kikaratasi chenye namba arobaini na moja, koti lake la bluu likichuruzika maji, aliposikia mwanamume nyuma yake akiuliza kwa adabu nyingi kama jibini la São Jorge litamfikia kabla hajaota mvi.

Natércia akacheka. Kilichomchekesha hasa ni lafudhi. Maneno yale yalishazikwa pamoja na wazee wa upande wa Nordeste wa kisiwa, kijijini kwa mama yake.

"Samahani, kaka," akasema akigeuka. "Unaongea kama marehemu bibi yangu."

"Na mimi nimefundishwa na bibi. Alihamia Amerika akiwa msichana, akaondoka na maneno yake."

"Mvi mbona unazo tayari?"

Mwanamume akajishika ndevu. "Hizi? Hizi ni chumvi ya bahari, dada."

Aliitwa Gualter, fundi seremala wa New Bedford, Amerika, mwenye miaka arobaini na minne, sweta pana na viatu vilivyolowa chapachapa. Walipopata jibini lao wakaenda kunywa kahawa, na kahawa ikazaa nyingine.

"Umekuja kutembea?" Natércia aliuliza.

"Nimekuja kumtafuta mama yake bibi yangu."

Bibi yake, Alzira, aliokotwa mlangoni mwa kanisa la kijiji huko Nordeste akiwa na siku chache. Kwenye kitabu cha ubatizo padre aliandika kwamba wazazi hawajulikani. Sasa alikuwa na miaka tisini na mitano, moyo wake umechoka, na aliomba kitu kimoja tu: alijue jina la mama yake kabla hajafa. Gualter alikuwa ametuma mate yake na ya bibi yake kupimwa vinasaba, akapata ndugu mia nane waliotawanyika duniani, na hakuna hata mmoja aliyejua lolote.

"Jina moja tu," alisema. "Si mengi, sivyo?"

Miezi mitatu ikapita. Natércia alishona majoho ya sherehe za Roho Mtakatifu katika duka la vitambaa karibu na kanisa kuu, na kila siku saa sita mchana Gualter alimpigia simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje, nina pini mdomoni?"

"Basi zitoe uniambie unanipenda."

"Wateja wananisikia, we mwanamume!"

"Ndiyo nataka wasikie."

Jumapili, baada ya misa, walikwenda kula kwa mama yake, Evelina, aliyemlea Natércia peke yake bila kumtaja baba kwa mtu yeyote. Kijiji kilimuuliza kwa maneno, kisha kwa macho, na mwishowe kikachoka. Kwa Gualter mama huyo alikuwa mkarimu kupita kiasi. Alimjazia supu mara mbili, akamkatia mkate, halafu akawa anakwepa kumtazama usoni. Natércia alidhani ni haya.

Ni Gualter aliyemwomba Natércia apimwe naye. "Mama yako ni wa kijiji kilekile. Huenda ukanifungulia mlango." Natércia akatema mate kwenye kichupa huku akicheka, akafunga kifuniko, wakasahau.

Majibu yalifika siku ya Alhamisi. Kwenye simu ya Gualter, juu ya wale ndugu mia nane wote, likifuata la bibi yake tu, kulikuwa na jina la Natércia, na chini yake maneno: binamu wa kwanza au wa pili.

Hakumwambia. Hapo ndipo alipokosea. Siku tatu alikaa na jambo hilo kifuani. Alikumbuka kwamba baba yake mdogo, Deodato, alikuja kisiwani kiangazi kimoja, na akahesabu miezi mpaka kuzaliwa kwa Natércia. Hesabu ikakubali. Jumapili, supu ikiwa mezani, akauliza:

"Mama Evelina, uliwahi kumfahamu baba yangu mdogo, Deodato?"

Mama aliweka upawa chini. "Kwa nini unaniuliza?"

"Kipimo kinasema mimi na Natércia ni binamu. Nikafikiri labda yeye ndiye..."

"Toka."

"Mama, sikukusudia..."

"Toka nyumbani kwangu."

Natércia alimfuata mpaka barabarani bila koti. "Ulijua tangu lini?"

"Alhamisi."

"Na jana ukanibusu?"

"Nilikuwa naogopa, Natércia."

"Mama yangu ameulizwa swali hilo miaka thelathini na sita. Wewe ndiye niliyedhani hutauliza. Nenda."

Akaenda. Juma lile lile alipanda ndege kurudi Amerika. Saa sita zikawa kimya. Natércia alishona, akafumua, akashona tena, na jioni alisali rozari akifika katikati ya fumbo asijue yuko la ngapi. Hakumlilia Mungu amrudishe. Aliomba tu apewe ukweli, hata kama ni mchungu, kwa sababu asingeweza kuishi na nusu yake.

Miezi miwili baada ya kuondoka, Gualter alimtumia ujumbe mfupi: "Bibi yuko hospitali. Madaktari wanasema ni siku chache. Nisamehe."

Kesho yake Natércia aliomba ruhusa kazini, akaenda kwenye nyumba ya nyaraka. Mzee Liduíno, aliyekaa miongo mitatu na vitabu vya parokia, aliyatazama majibu ya kipimo kwenye simu ya Natércia kupitia miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Hawa Waamerika!" akaguna. "Kipimo kinajumlisha kila kipande mnachofanana, basi. Hakijui kwamba kule Nordeste tumeoana sisi kwa sisi miaka mia tano. Angalia vitabu hivi, binti. Ndoa moja kati ya tatu, padre ameandika kibali cha ndugu kuoana. Mimi na mke wangu tungepimwa, kingetuita mtu na dada yake."

"Kwa hiyo si ndugu?"

"Sijasema hivyo. Hebu tazama vipande. Hivi vidogovidogo ni vumbi la kijiji, kila mtu analo. Lakini hivi vitatu ni virefu. Hivi si vya baba zenu. Vingekuwa vingi zaidi. Na huyo bibi aliyeokotwa anavyo pia, basi vimetoka kwa mama yake." Akavua miwani moja. "Katika nyumba yenu, binti, kuna mtu alizaa mtoto ambaye hakuhesabiwa."

Natércia alimkuta mama yake jikoni akimenya viazi. Hakuketi.

"Mama, Bibi Alzira anakufa. Ni mtoto wa nani?"

Kisu kikaendelea kidogo, kisha kikasimama.

"Wa bibi yangu Rosalina," mama akasema. "Kabla hajaolewa."

"Ulijua tangu lini?"

"Jumapili ya kwanza Gualter alipokuja. Ana macho ya bibi. Nilikuwa nampa supu, nasema leo nitamwambia. Halafu nasema, kijiji kimekula jina langu, kisije kikala na la bibi. Nimekwenda kuungama mara nne, Natércia. Padre anasema kamwambie mwenyewe." Akafuta mikono kwenye aproni, ikabaki mibichi vilevile. "Mpigie. Nitasema mimi."

Gualter alipokea kabla mlio wa pili haujaisha. Natércia alimwambia kwa kifupi. Walisikia tu kiti kikisogezwa, na mashine ya hospitali ikilia polepole. Kisha sauti nyembamba kama uzi, yenye lafudhi ileile ya wazee:

"Nani huyo?"

"Naitwa Evelina, shangazi. Mimi ni mjukuu wa Rosalina. Rosalina ndiye mama yako."

"Rosalina," sauti ikasema, kana kwamba inaonja. "Alinitaja?"

Natércia alimwona mama yake akifumba macho. Uongo mtamu ulikuwa karibu, na ungesamehewa.

"Mara moja tu, siku aliyokufa. Alisema alikuvika soksi, na njiani moja ikadondoka. Akaogopa kurudi kuiokota, watu wasimwone. Alilia kwa ajili ya soksi. Zaidi ya hapo hakusema."

Mashine ikalia, ikalia.

"Ulikuwa mwezi wa pili," Bibi Alzira akasema. "Baridi." Kisha: "Asante, mwanangu. Ungenidanganya ningejua."

Alifariki siku ya tano. Natércia na mama yake walisali misa ya siku ya saba kwa ajili yake katika kanisa lilelile alikookotwa, wawili tu kwenye benchi la mbele, na waliokuwa nyuma wakanong'ona.

Gualter akapiga simu siku iliyofuata, saa sita.

"Mchonga jiwe la kaburi anangoja," alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzika. "Anauliza aandike binti wa nani. Nusu ya kijiji chenu wako huku, Natércia. Wakilisoma leo, kesho limefika kwenu. Siwezi kuandika bila ruhusa ya mama yako."

Natércia alitoa pini mdomoni. Mama yake, aliyekuwa amemletea chakula dukani, alisikia yote.

"Mwambie aandike," mama akasema. "Aandike jina zima, na herufi kubwa."

Gualter alilia, naye Natércia akamwacha alie bila kumbembeleza.

"Nimekukosea," alisema hatimaye. "Na mama yako amenikosea. Alikuwa na jina lile miezi yote hii, bibi akisubiri. Sijui kama nitakula supu yake tena bila kukumbuka."

"Utakumbuka. Hata yeye atakumbuka."

"Na bado nataka nirudi. Nirudi tuoane, kama unanitaka. Sina furaha ya kukuletea sasa hivi, mpenzi. Nina msiba tu."

"Uje nao."

Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Gualter akapumua kwa nguvu.

"Padre atatuuliza kama tuna undugu. Watu wengi wa kwenu hudanganya hapo."

"Tutamwambia tunao," Natércia akasema. "Na akiuliza kwa nani, tutamtajia. Aandike kitabuni."