Kiolezo Kilichojaza Karatasi

Siku ile mjinga alikuwa Wakili. Tuliseme hili mapema, kabla msomaji hajaanza kumtilia shaka seremala, mkandarasi au kompyuta ya watu. Wakili mwenyewe alimtafuta mjinga huyo kwa hasira kutwa nzima, akapekua kila mahali isipokuwa kwenye kioo.

Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu alibishana na kila mtu, na watu wakiisha alibishana na redio. Alikuwa msichana wa darasa la saba, mwembamba, mwenye sauti iliyomzidi mwili. Asubuhi zake zilifanana. Aliamka, akatandika kitanda, akapanga vitabu, kisha akaenda kumwamkia mama yake, ambaye kwa kawaida alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta katika chumba cha mbele, shuka limetundikwa dirishani ili jua lisipige kioo.

Mama alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Ofisi nyingi za kazi hiyo zilitumia programu moja kubwa, maarufu, iliyopaswa kulipiwa upya kila mwaka, tena kwa bei kubwa kiasi kwamba mama alisema ingefaa iletwe pamoja na nyumba. Yeye alikuwa na nyingine, ya bei nafuu, aliyoinunua mara moja kwa halali. Ilifungua mafaili yale yale na kuyahifadhi kwa namna ile ile, na hata amri zake zilifanana na za ile kubwa. Jamaa mmoja aliwahi kumletea ile kubwa kwenye flashi, ya wizi, bure kabisa. Mama alimrudishia flashi yake.

"Nachora milango ya watu ili wezi wasiingie," alimwambia. "Nikiiba na mimi, nitaichora kwa uso gani?"

Siku hizo kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya madarasa mapya. Mkandarasi alimpa mama kazi ya kuchora milango na madirisha, akaahidi kwamba mambo yakienda vizuri atampa jengo zima la maktaba. Mama aliitaka maktaba ile kama mwanafunzi anavyotaka likizo. Seremala wa madarasa hayo alikuwa mjomba wake Wakili.

Juu ya kila mlango kulikuwa na kidirisha cha nusu duara. Kwa vitu vya kupinda namna hiyo, mama na mjomba walikuwa na utaratibu wao. Mama alichapisha kiolezo, yaani mchoro wenye ukubwa ule ule wa kitu chenyewe. Mjomba alikilaza juu ya ubao, akafuatisha mstari kwa penseli, akakata. Hakupima tena, kwa kuwa karatasi yenyewe ndiyo iliyokuwa kipimo. Kwa hiyo pembeni mwa kila kiolezo mama aliweka mstari mfupi ulioandikwa "sentimita kumi". Ukishachapa, unaweka rula juu yake. Ukiwa sentimita kumi kamili, karatasi inasema kweli. Wakili alikuwa ameifanya kazi hiyo mara nyingi, mpaka akaanza kuidharau.

Jioni moja alitumwa kwenda kuchapisha kiolezo cha vidirisha.

"Mwambie achape kwa ukubwa wake," mama alisema. "Na rula usiisahau."

"Mama, nisahau rula mimi, mwanafunzi mzima?"

Kwenye duka la kuchapisha kulikuwa na foleni. Dada wa dukani alifungua faili. Nusu duara ilikaa katikati ya karatasi kubwa, imezungukwa na weupe kila upande.

"Nichape hivi hivi au nijaze karatasi?"

Wakili alipoutazama ule weupe, ulimuuma kama chakula kinachomwagwa.

"Jaza, dada. Si tunailipia karatasi yote?"

Dada akacheka, akabofya. Kiolezo kikatoka kikubwa, kinapendeza. Rula ilikuwa ndani ya mkoba, chini ya vitabu vyote, na nyuma yake watu walikuwa wameanza kuguna. Akaiviringisha karatasi na kuipeleka moja kwa moja kwenye karakana ya mjomba.

Mjomba alikata fremu zote. Zilikuwa nzuri, zimepigwa msasa mpaka zikawa laini kama sabuni. Siku ya kuzifunga, hakuna hata moja iliyokubali kuingia ukutani.

Habari ilimfikia Wakili shuleni, wakati wa mapumziko. Aliyeileta alikuwa mtoto wa mkandarasi, mwanafunzi mwenzake aliyeitwa Bosi Mdogo kwa jinsi alivyotembea na mikono nyuma.

"Vidirisha vya mama yako vimegoma," alisema. "Baba anasema hayo ndiyo matokeo ya programu za bei ya karanga."

"Programu ya mama inafungua faili lolote la programu yenu."

"Na mimi nafungua friji la jirani. Ndiyo limekuwa langu?"

Wenzao wakaangua kicheko.  Wakili alibaki na hasira tu, akaibeba mpaka nyumbani bila kuitua.

Alimkuta mama anapitia mchoro upya, mstari kwa mstari, midomo ameikaza. Mkandarasi alikuwa amepiga simu. Alikwisha kuwaambia mafundi wote kazini kwamba mchoraji wao anatumia vitu feki. Na maktaba asahau, mpaka awe na programu ya maana.

"Angesema nimekosea, tungekaa tukatazama pamoja," mama alisema. "Hajauliza kitu. Amesikia bei, akatoa hukumu."

"Twende ofisini kwake," Wakili alisema, machozi ya hasira yakimlenga. "Alifungue faili letu kwenye hiyo programu yake, sisi tukiwa tumesimama pale pale. Hawezi kukuita feki halafu akalala usingizi."

Mama akachomoa flashi yenye mchoro. "Leo umesema kama wakili kweli. Mpigie mjomba wako."

Mjomba aliwakuta mlangoni pa ofisi, fremu moja kwapani na kiolezo kimeviringishwa mkononi. Ndani, mkandarasi aliitikia salamu bila kuinua macho.

"Shikamoo," Wakili alisema. "Tumekuja kudai haki."

"Marahaba. Na wewe ndiye nani?"

"Huyo ndiye msemaji wetu," mjomba alijibu. "Sisi tumemsindikiza."

Mkandarasi aliguna, akachomeka flashi. Faili likafunguka kwenye ile programu kubwa bila kusita. Akapima nusu duara kwenye kioo cha kompyuta, akalinganisha na vipimo vya uwazi wa ukutani alivyokuwa ameviandika. Vililingana. Akapima tena, pengine akitumaini programu itamwonea huruma. Vikalingana tena.

"Haya, mchoro uko sawa," alisema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Wakili alitamani Bosi Mdogo angekuwepo. Lakini mkandarasi alikuwa ameshamgeukia mjomba.

"Basi aliyeharibu ni wewe, fundi. Mbao zote zile. Kesho naleta seremala mwingine."

"Bosi, mimi nimefuata karatasi." Mjomba aliitandaza mezani. "Nimekata kama ilivyo."

"Kila fundi husingizia karatasi, maana haina mdomo."

"Hebu subiri kwanza," mama aliingilia, sauti imepanda. "Ulianza na mimi, umeshindwa. Sasa umehamia kwa kaka yangu?"

Wakati watu wazima wakivutana, Wakili aliiangalia karatasi. Nusu duara ilikuwa imeenea kutoka ukingo mpaka ukingo, hakuna weupe hata wa upana wa kidole. Alimsikia tena dada wa dukani akiuliza swali lake. Hasira aliyokuwa akiitembeza mitaani kutwa nzima iligeuka njiani, ikaanza kurudi kwa mwenyewe.

Hakuna aliyekuwa akimtazama. Angeweza kuiviringisha ile karatasi taratibu na kunyamaza. Mama alikwisha kusafishwa. Angebaki mjomba tu, na mjomba alikuwa amesimama na fremu yake nzuri, anajitetea kwa kosa asilolijua.

Wakili akafungua mkoba. Safari hii rula ilikuwa juu kabisa. Akaiweka kwenye mstari mdogo wa pembeni. Mstari ulioandikwa sentimita kumi ulipita kumi, ukapita na kumi na moja.

"Ni mimi," alisema.

Hawakumsikia. Ilibidi arudie, naye alikuwa na sauti ndogo kwa mara ya kwanza maishani.

"Ni mimi. Dada wa dukani aliniuliza, nikamwambia ajaze karatasi. Na rula sikuitoa."

 Mjomba akainama kwenye mstari, akatikisa kichwa.

"Mpwa wangu, shukuru umekosea kwa kuongeza. Hizi nitazipunguza zitaingia. Ungepunguza wewe, sasa hivi ningekuwa natafuta mbolea ya kurefushia mbao." Kisha akaacha utani. "Na mimi nilikuwa na futi ya kupimia mfukoni. Nilipaswa kupima fremu ya kwanza kabla ya kukata ya pili."

Mama hakucheka.

"Tangu mchana unasema unanitetea," alimwambia bintiye.

"Nilikuwa nakutetea, mama."

"Ulikuwa unapiga kelele. Mstari ule nauweka kwa sababu watu hukosea, hata mimi. Ungeweka rula, jambo hili lingeishia dukani, na mjomba wako asingetukanwa. Siku nyingine pima kwanza, hasira itakusubiri. Jumamosi hii utakuwa karakana, unampigia msasa fremu zote mpaka ziwe laini kama zilivyokuwa." Akamshika bega, na sauti ikashuka. "Lakini umesema mwenyewe, kabla hujaulizwa. Hilo nimeliona."

"Nisamehe, mjomba."

"Njoo na maji ya kunywa," mjomba alisema. "Vumbi la mbao halina adabu."

Mkandarasi alikuwa ameegemea kiti chake, anakuna kidevu.

"Haya. Fundi aendelee. Na maktaba, mama, utachora wewe," alisema. "Lakini msimamo wangu ni ule ule. Ungekuwa na programu kubwa, haya yote yasingetokea. Na mafundi wakiniuliza, nitawajibu hivyo hivyo."

Mama alichomoa flashi yake, akaitia mfukoni, akasimama.

"Bosi, mtoto huyu amekosea, na amesema 'ni mimi' mbele ya watu wazima watatu. Wewe umenipaka matope kwa mafundi wako wote, na programu yako kubwa imekuonyesha kosa lako hapo hapo mezani kwako. Maneno yenyewe ni hayo mawili tu. Unaweza kuyasema, au nayo mpaka uyalipie kila mwaka?"