Taa Zinazofika Magotini

Gari lilikuja bila taa za ukungu. Mahali pa taa hizo, kwenye bampa, palikuwa na vifuniko viwili vyeusi vya plastiki. Fundi alipovigonga kwa kidole, cha kulia kililia kama plastiki yoyote, cha kushoto kikanyamaza, kana kwamba kuna kitu nyuma yake.

Alikuwa fundi umeme wa magari, na mfinyanzi hulia gaeni: magari ya watu aliyafunga taa za kila namna, hili la nyumbani kwake akalipiga danadana mwaka mzima. Jumatatu ile lori lilikikwangua kioo cha pembeni cha gari hilo kwenye barabara ya mlimani, mkewe akiwa kwenye usukani. Mkewe alikuwa mkunga, na kila alfajiri alipita katikati ya ukungu kwenda zahanati.

"Kidogo tu ungekuwa unanizika," alimwambia, kama anayetaja bei ya nyanya.

Siku hizo wote wawili walizungumza hivyo. Miezi minane ilikuwa imepita tangu homa iwachukulie binti yao wa miaka mitano. Watu walimsifu Fundi kwa kujikaza msibani. Hakujikaza. Alikuwa amekufa ganzi, basi. Kitu kimoja tu alikijua: ameshazika mmoja, huyu wa pili hatamzika.

Kwa hiyo akaifungua bampa. Nyuma ya kifuniko cha kushoto alikuta nyaya zilizokatwa, zimezungushiwa kitambaa cheupe chenye mafundo saba, kinanukia ubani.

"Mafundi wengine bwana! Utepe wameukosa, wakafunga kwa leso," alisema. Fundi umeme hawezi kuona kiungo kibovu akakiacha. Alikikata kwa koleo, akakitupia kwenye pipa la kuchomea matambara, lililokuwa likiwaka.

Jirani yake wa gereji, Mzee Rangi, aliyepaka magari rangi na kuwasomea dua watoto wenye kulia ovyo, aliunusa ule moshi akasimama.

"Mwanangu, uliuliza gari hili lilikuwa la nani?"

"Lilikuwa la aliyeniuzia, mzee wangu."

"Kuuliza si ujinga," mzee alisema, wala hakucheka.

Fundi akafunga taa mpya, fyuzi yake, swichi yake. Zilitoa mwanga wa manjano uliotambaa chini, haukupanda juu ya magoti ya mtu. Kazi safi. Alijua zamani angefurahi.

Siku ya tatu mkewe alirudi akiimba polepole. Akala, akaongeza. Kisha akauliza, "Zile ndala nyekundu za mtoto umeziweka wapi?"

"Za nini?"

"Anatembea peku."

"Nani?"

"Mwanao. Yuko barabarani, kwenye ukungu. Uso sijauona, taa zinaishia magotini. Lakini miguu ile naijua, nimeizaa mwenyewe."

Fundi alisubiri woga uje. Haukuja, vidole vyake tu ndivyo vilivyopoa. Ndala akampa, alizikuta juu ya kabati, moja kamba yake alikuwa ameishona mwenyewe kwa waya wa shaba.

Alfajiri iliyofuata alipanda naye, mkewe akiendesha. Kwenye kona ya pili ukungu uliwameza, harufu ya ubani ikaingia ingawa vioo vilikuwa vimefungwa, injini ikapunguza sauti yenyewe, na katika ule mwanga wa manjano, hatua kumi mbele yao, akaiona miguu miwili imesimama kama isimamavyo ya binadamu anayengoja usafiri, imelowa, haina nyayo wala vidole, na mwisho wake, pale ilipokanyaga lami, zilikuwa kwato.

"Umemwona?" mkewe alinong'ona. "Amerefuka."

"Twende, mke wangu. Usisimame."

"Vaa, mama, usikanyage baridi," alisema mkewe, akasimamisha gari, akateremsha kioo na kuzirusha ndala nje.

Fundi alizima swichi, taa zikabaki zinawaka. Akang'oa fyuzi, zikabaki zinawaka. Na zile kwato zikapiga lami, ko, ko, ko, bila haraka, zikizunguka upande wa dereva, na mkewe akitabasamu tabasamu ambalo Fundi hakuwa ameliona kwa miezi minane, mkono wake tayari uko kwenye kitasa cha mlango.

Akamkamata kifundo cha mkono. "Mwanetu amekufa," alisema. "Nilimlaza kaburini kwa mikono hii. Alikuwa mwepesi. Kwa nini alikuwa mwepesi vile?"

Kisha akalia, kwa sauti, kamasi na yote, kilio cha miezi minane. Taa zikazimika. Gari likainama kidogo nyuma, likatulia. Mkewe akamshika kichwa, na ukungu ulipopungua wakageuza wakarudi.

Asubuhi hiyo hiyo Fundi alizing'oa taa. Mzee Rangi alisoma hadi sauti ikamkauka, akafunga kitambaa kipya, mafundo saba, wakarudisha vifuniko.

"Sasa mkeo hatakutana na kitu hicho tena barabarani," mzee alisema. Fundi akakigonga kifuniko cha kushoto, kikanyamaza vizuri. Moyo ulimuuma, na alishukuru kwamba unauma.

Mkewe alikuwa amefungua mlango wa nyuma ili apanguse viti. Alisimama pale muda mrefu. Fundi akamfuata.

Ndala nyekundu zilikuwa kwenye sakafu ya gari, zimepangwa sambamba, kama mtoto aliyefundishwa adabu anavyozivua. Zilikuwa na matope. Waya wa shaba ulikuwa umekatika, na soli zote mbili zimepasuka katikati, kuanzia mbele mpaka kisiginoni.

Mkewe aliziokota, akazipangusa kwa kanga yake.

"Zimembana," alisema kwa upole. "Kesho nitamnunulia kubwa."